Siku Niliyoshuka Kwenye Baiskeli

Mwanangu, ipo siku moja ambayo nikiikumbuka mpaka leo viganja hunitoka jasho, halafu baada ya muda mfupi nacheka peke yangu. Ni Jumamosi ile nilipowaongoza wageni kumi na wawili kwa baiskeli, huku kwetu Ufipa, kutoka Katandala kwenda Msanzi, kwa njia niliyoichora mwenyewe, na njia yangu ikaishia kwenye maji.

Juzi uliniandikia: "Shikamoo baba mdogo. Naomba ile ramani, wiki ijayo naongoza wageni kwa mara ya kwanza." Ramani nitakutumia. Lakini nikikutumia ramani peke yake nitakuwa nimekupa ugonjwa bila dawa. Kwa hiyo soma haya kwanza, na usiyaruke kama unavyoruka maelezo ya kwenye boksi la simu.

Najua watu watauliza, huyu naye amekuwa mzee lini? Nina miaka thelathini na mbili, na kichwani sina hata unywele mmoja mweupe. Lakini wewe ni mtoto wa kaka yangu, na kwetu mtoto wa kaka ni wako, kwa hiyo neno mwanangu sikuliiba. Tena uzee mwingine hauhesabiwi kwa miaka bali kwa makosa ambayo mtu amekwisha kuyafanya, na kwa hesabu hiyo mimi ni babu.

Nilikuwa kijana mwenye hofu. Sikuogopa nyoka wala giza, niliogopa kukosea mbele za watu. Shuleni nilipokosea herufi moja nilichana ukurasa mzima, mpaka daftari langu likawa jembamba kuliko ya wenzangu wote. Baiskeli nilijifunza kuitengeneza mwenyewe, kwa kutazama video kwenye simu na kuharibu vitu vyangu. Nilifungua gurudumu, nikalifunga, nikalifungua tena kwa sababu spoki moja ililia tofauti na nyingine. Baba yako akaniambia, "Deo, hiyo baiskeli itachoka kwa kufunguliwa kabla haijachoka kwa kuendeshwa." Nilikasirika, kwa sababu ilikuwa kweli.

Siku hizo nilikuwa nikipiga picha za njia zetu za vumbi na kuziweka mtandaoni. Dada mmoja wa Mbeya, anaitwa Rehema, aliyekuwa akiongoza kikundi cha waendesha baiskeli, akaziona. Akaniandikia kwamba wenzake wamechoka na lami na malori, na milima wanayo ya kutosha kwao. Wanatafuta nchi tambarare, yenye msitu na maji, ambako mtu anaweza kuendesha kutwa nzima juu ya changarawe na udongo. Akauliza, "Huko kwenu kuna njia ya namna hiyo?"

Nikamjibu ipo. Mwanangu, njia haikuwepo. Nchi ndiyo ilikuwepo.

Wewe umezaliwa humu, labda huioni tena. Ukitoka Katandala ukaiacha lami, ardhi inajilaza. Unapita mashamba ya mahindi na ulezi, kisha nyasi hadi macho yanapoishia, kisha miombo inayokufunika kichwani ghafla kama mtu amefunga mlango, halafu msitu unafunguka na uko bondeni, ambako maji yanatembea polepole kati ya matete kama hayajaamua yaende wapi. Vijia vya ng'ombe na vya watu vinapishana humo kama nyuzi. Kazi yangu ilikuwa kuchagua uzi mmoja.

Nilichora kwa miezi tisa. Nilikaa na simu, nikikuza picha za angani mpaka nilijua kila mti. Nilifuta na kuanza upya. Festo, rafiki yangu aliyekuwa akiziba pancha pale Katandala, alikuwa akinipita na kusema, "Mshikaji, unachora njia au unachora mchumba?" Na siku nyingine, "Mwenye mimba ya miezi tisa amejifungua, wewe bado unachora."

Sasa sikiliza kosa lenyewe, maana lilianza kama kitu kizuri. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba waendeshaji hodari hujipima kwa kupita sehemu ngumu bila kuweka mguu chini. Kwao ni mchezo. Mimi nikaufanya dini. Nikaapa kwamba njia yangu itakuwa safi kiasi kwamba mtu ataondoka Katandala mguu ukiwa juu ya pedali, na hataugusisha ardhini mpaka Msanzi. Kwenye njia hiyo kulikuwa na mto mmoja mdogo, wenyeji wanauita mto tu, na juu yake kivuko cha magogo sita yaliyofungwa pamoja, chembamba kama mlango. Ili nisiweke mguu pale, nililaza ubao nyuma ya nyumba nikafanya mazoezi ya kupita juu yake kila jioni. Festo akasema, "Wenzako wanafuga kuku, wewe unafuga ubao."

Nilijaribu njia yangu mara nne, na mara zote nne sikugusa chini. Nilirudi nyumbani nikajiona mfalme.

Lakini mwanangu, nchi ile ina watu. Na wewe unajua, kama nilivyojua mimi, kwamba kwetu mtu akiwa juu ya baiskeli akakutana na mzee njiani, anashuka. Anashuka, anaiegemeza au anaishika pembeni, anasalimu, anasubiri ajibiwe, anaulizwa habari za alikotoka na yeye anauliza za huko aendako. Mama alinifundisha hivyo nikiwa bado sifikii siti. Alisema mtu anayekusalimu akiwa amekaa juu yako ni kama anakutemea salamu. Nililijua hilo vizuri. Ila kushuka maana yake ni kuweka mguu chini.

Kwa hiyo sikushuka. Niliwarushia wazee "Shikamoo!" kama mtu anayerushia kuku mahindi, na kabla hawajasema marahaba nilikuwa nimekwisha kupotea kwenye kona. Masikioni nilikuwa na vile vidude vya muziki. Marahaba zao zilianguka vumbini nyuma yangu, sijui ni ngapi.

Mmoja wao nilimpita mara zote nne. Alikuwa mzee mrefu aliyekonda, koti lake la suti limefifia mabegani, akisukuma baiskeli nyeusi ya zamani yenye gunia la mahindi kwenye keria. Hakuwa akiiendesha, aliisukuma tu, akienda mashineni kusaga. Mara ya nne, siku ya Jumatano kabla ya wageni kuja, aliponiona nakuja aliisimamisha baiskeli yake kwa fimbo, akainua mkono, akafungua kinywa. Nilimwona vizuri. Nikapaza "Shikamoo, mzee!" nikapita. Nyuma nilisikia kama anaita, nikaongeza mwendo, kwa sababu kivuko kilikuwa mbele na nilitaka kukifikia nikiwa na kasi inayofaa.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu lenyewe nilikataa hata kuliweka chini.

Wageni walifika Ijumaa, wakalala mjini. Kumi na wawili, kutoka Mbeya, Iringa, wawili wa Dar es Salaam. Rehema alikuwa dada mkubwa kwangu kama miaka kumi hivi, mwenye sauti ndogo na miguu ya chuma. Alinieleza wazi, na ndiyo maana usiku ule sikuonja usingizi. Alisema, "Deo, tunatafuta mahali pa kuleta watu kila mwaka. Tumekwisha kuangalia sehemu mbili. Kesho tunaangalia kwenu." Nikaelewa. Ikifaulu, watu watakuja Ufipa kutazama nchi yetu, na mimi nitakuwa mtu wa njia. Ikiharibika, nitabaki yule kijana wa ubao, na mji mzima utasema walijua.

Tuliondoka asubuhi, kwenye baridi ile yetu inayouma vidole. Nilikuwa mbele, Festo nyuma kabisa na pampu na viraka. Mwanangu, nusu ya kwanza ilikuwa nzuri mpaka nikaogopa. Mvua zilikuwa ndiyo zinaishia, vumbi limelala, nyasi kijani, changarawe inasema chini ya tairi kama mtu anayetafuna bisi. Mgeni mmoja, mzee wa makamo mwenye mwili anaitwa Bwana Amani, aliyelalamika tangu alfajiri kwamba siti inamchoma, alinyamaza kabisa tulipoingia miombo. Kisha nikamsikia anasema peke yake, "Aisee." Kila alichokiona kipya alisema aisee. Mimi kimoyomoyo nilikuwa nahesabu: bado bonde, bado kivuko, bado nyasi, Msanzi.

Tukashuka bondeni. Nikajipanga, nikaongeza kasi kidogo, nikakata kona ya mwisho. Magogo hayakuwepo.

Nilifunga breki zote mbili. Nikaweka mguu chini, wa kulia, kwenye tope, mpaka kwenye kifundo. Mbele yangu palikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa, mapana kama nyumba mbili, na kingo zake ni tope na matete. Kwa upande wetu kulikuwa na rundo la magogo yale ya zamani, yameoza katikati, yamepangwa vizuri kama kuni. Nyayo za watu wengi zilionekana kwenye udongo, na vijiti vipya vimechomekwa kuonyesha mahali daraja jipya litakapokaa. Kijiji kilikuwa kimefanya msaragambo. Watu walikuwa wameamka pamoja Ijumaa, wakang'oa kile kibovu ili wajenge kizima.

Wageni wakafika mmoja mmoja, wakasimama nyuma yangu. Mimi nikatoa simu. Kwenye ramani, mstari wangu ulipita juu ya mto kwa amani kabisa, umenyooka, mzuri. Nikakuza picha. Nikapunguza. Nikakuza tena. Simu ikaniponyoka ikaangukia nyasi, nikaiokota.

Mmoja wa wale wa Dar akatumbukiza kijiti kirefu majini. Kiliingia chote.

"Kiongozi," akasema Rehema, "tunageuza?"

Hapo ndipo niliposema neno ambalo nalionea aibu kuliko yote. Nikasema, "Wanakijiji wametuharibia." Watu waliokuwa wametoa siku yao, wakaingia majini ili mtoto wa mtu asije akatumbukia na gogo bovu, mimi nikasema wametuharibia.

Bwana Amani akakaa kwenye rundo la magogo akaanza kuvua viatu, kama mtu aliyekwisha kufika mwisho wa safari. Nikatazama ramani tena. Kuzunguka kwa barabara kuu kungekuwa lami tupu, kilomita nyingi, pamoja na malori, kitu kilekile walichokuwa wamekikimbia. Kugeuka kungekuwa kushindwa. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, na mimi miezi tisa nilikuwa nimeyapima kwa kidole juu ya kioo.

Festo akanisogelea, akaniambia kwa sauti ya chini, "Deo, hiyo simu haitakujibu. Kuna mzee nimemwona kule juu msituni mkiwa mmeshapita, kakata kushoto na gunia lake. Anaenda mashineni. Mashine iko ng'ambo. Sasa jiulize, anavukia wapi?"

Nikapanda baiskeli nikarudi. Sikumbuki nilivyopanda ule mteremko. Nilimkuta mahali njia ya ng'ombe inapochepuka, anasukuma taratibu, koti lilelile, baiskeli ileile nyeusi. Mgongo wake ulinijua kabla hajageuka, maana alisimama.

Nilishuka. Baiskeli sikuiegemeza hata kwenye mti, niliilaza chini. Nikachomoa vidude masikioni. Nikachuchumaa mbele yake kwenye njia, nikapiga makofi yale ya taratibu kama mama alivyonifundisha, nikasema, "Shikamoo, baba."

Aliisimamisha baiskeli yake kwa fimbo. Kisha akasema, "Marahaba. Kumbe una magoti."

"Ninayo, baba."

"Mara ya kwanza uliponipita nilisema kijana huyu anakimbizwa. Mara ya pili nikasema hapana, ana mgonjwa, anafuata dawa. Mara ya tatu nikasema mgonjwa ni yeye mwenyewe."

Nikabaki nimechuchumaa.

"Mara ya nne," akaendelea, na sasa sauti yake haikuwa na mzaha, "nilikuwa na neno lako. Kila siku unakuja na haraka kwenye kile kivuko. Nikasema nimwambie mtoto huyu kwamba Ijumaa magogo yanatoka, asije akaruka majini. Nikasimamisha baiskeli. Kuisimamisha ikiwa na gunia si kazi ndogo kwa umri wangu. Nikakuita. Ukanipa shikamoo, ukaondoka na masikio yako."

"Nisamehe, baba."

"Salamu ni mlango, kijana. Wewe ulikuwa unagonga na kukimbia kama watoto watukutu. Mwenye nyumba akitoka na chakula, hakuna mtu."

Kisha akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamwambia. Akauliza babu yangu alitokea kijiji gani. Nikamwambia. Akauliza habari za mahindi ya kwetu. Nyuma yangu wageni kumi na wawili walikuwa wamekaa kwenye tope, kila kitu changu kikiwa hatarini, na mimi nilijibu maswali yote hayo, moja baada ya jingine, nikiwa nimechuchumaa. Ajabu ni kwamba kadiri nilivyojibu, haraka ilinitoka. Alipomaliza akasema, "Basi ninyanyulie hilo gunia lililolala upande. Kawaite watu wako. Waje kwa miguu."

Jina lake Mzee Sichalwe. Nakuambia ulijue, maana njia unayoiomba ni ya kwake.

Ujanani mwake alikuwa mchuuzi wa samaki. Wao walikuwa vijana wanne au watano, wakishuka na baiskeli mpaka Kasanga, wanapakia migebuka iliyokaushwa, halafu wanaisukuma kupanda kutoka ziwani mpaka huku juu na kuiuza vijiji kwa vijiji. Hayo alitusimulia akitembea mbele yetu, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye gunia. Baiskeli zetu za bei, kumi na nne pamoja na yangu na ya Festo, zikamfuata nyuma kwa mwendo wa mtu anayesukuma mahindi. Rehema akamuuliza, "Mzee, kumbe mlikuwa hamziendeshi?"

"Mama, baiskeli ni ya kusukuma. Kuiendesha ni zawadi."

"Na kila kijiji mlishuka kusalimu?"

"Tusingeshuka, tungemuuzia nani samaki? Tena ukishuka unaambiwa, huku mto umejaa, pale kuna msiba pita kimya, nyumba ile wanataka samaki wawili. Hatukuwa na ramani. Tulikuwa na midomo."

Aulizaye njia hapotei. Msemo huo nilikuwa nimeuandika shuleni kwa mwandiko mzuri sana, bila kufuta.

Tulitembea ndani ya miombo kwa njia ambayo kutoka angani haionekani, maana majani yameifunika yote. Sikuwa nimewahi kuichora kwa sababu sikuwa nimewahi kuiona. Ilikuwa imekazwa na nyayo za miaka, pana kwa baiskeli moja, tambarare, na pembeni yake mto ulikuwa ukitusindikiza, sauti yake ikija na kupotea. Halafu msitu ukafunguka, na mbele yetu mto uleule uliokuwa umetufungia njia ulikuwa umetandazwa juu ya mwamba bapa, mpana kama uwanja wa mpira, maji yanapita juu yake membamba na maangavu, hayafiki hata magotini.

"Hapa," akasema Mzee Sichalwe, "samaki wetu hawakuwahi kulowa."

Bwana Amani akasema "Aisee" kwa mara ya mwisho siku hiyo, kisha akavua viatu, safari hii kwa furaha. Wote wakavua. Watu wazima, wenye kazi zao mijini, wakabeba baiskeli mabegani wakavuka wakipiga kelele kwa ubaridi wa maji. Rehema alifika katikati akasimama tu, baiskeli begani, maji yanamzunguka, anacheka. Mimi na Festo tulibeba gunia la mzee, mmoja huku mmoja kule, na Festo akanong'ona, "Mfalme, miguu yako inaona nini huko chini?" Nikamwambia inaona vizuri.

Ng'ambo palikuwa na boma la wafugaji, Wasukuma waliohamia huku miaka mingi. Sikungoja kuambiwa. Nilikuwa wa kwanza kuilaza baiskeli, nikaenda kumsalimu mama wa boma, Mama Kabula, aliyekuwa akisukasuka maziwa kwenye kibuyu. Akanitazama kwa macho ya mashaka.

"Wewe si yule anayepita huku bondeni kama pikipiki?"

"Ndiye mimi, mama. Leo nimepona."

Akacheka mpaka akaweka kibuyu chini. Tukanywa maziwa mgando, kila mtu kikombe, na mume wake akatuonyesha kwa fimbo ng'ombe walikopita. Alisema kushoto udongo bado mbichi, kulia nyasi zimekanyagwa zikakaza, tufuate kulia mpaka tuone mabati ya Msanzi. Angalia, mwanangu. Sentensi moja ya mtu mwenye fimbo ilinipa nilichokitafuta miezi tisa.

Mzee Sichalwe akaagana nasi pale, mashine ilikuwa jirani. Nilitaka kumwomba aje nasi mpaka Msanzi kwenye chakula. Akasema, "Nina mahindi. Wewe nenda kasalimu." Basi.

Na tukaenda! Kulia, juu ya nyasi zilizokazwa na kwato, tambarare kabisa, upepo wa alasiri ukitusukuma, baiskeli kumi na nne zimetandaa upana wote wa nchi badala ya kufuatana nyuma ya mgongo wangu. Hakuna aliyekuwa mbele. Bwana Amani alinipita akiimba. Kila tulipoona watu shambani, nilipiga kengele, nikashuka, na nyuma yangu nikasikia miguu kumi na mitatu inashuka. Akina mama wakapiga vigelegele wakiona kundi zima la watu wenye kofia ngumu linachuchumaa njiani. Tulichelewa saa nzima na zaidi. Tuliingia Msanzi habari zetu zikiwa zimetutangulia, watu wamejipanga barabarani, na ugali wa ulezi umefunikwa, migebuka mezani, maana mgeni njoo mwenyeji apone. Wote kumi na wawili walifika. Hakuna aliyepanda gari.

Kabla ya kula nilisimama. Nilikuwa nimejifunza hotuba kwa moyo, neno kwa neno, nikaiacha. Nikasema, "Kule mtoni nilisema wanakijiji wametuharibia. Nilisema uongo. Niliitwa siku ya Jumatano niambiwe kwamba kivuko kinatolewa, ila nilikuwa na haraka, sikushuka kusikiliza. Kosa ni langu." Ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu kukosea mbele za watu na kubaki nimesimama. Nilingoja ardhi ifunguke. Haikufunguka. Bwana mmoja mwenyeji akasema, "Basi kaa ule, kijana, samaki wanapoa."

Rehema alininawisha mikono mwenyewe, na huku ananimwagia maji akasema, "Tumeshapata mahali petu. Mwakani tunarudi, na watu zaidi. Lakini kwa sharti moja: njia iwe ile ya mzee, na tuitembee kwa miguu palepale tulipoitembea." Festo akapiga meza. Mimi nilijifanya maji yameniingia machoni.

Tangu hapo wamekuja kila mwaka, na wengine wamewafuata. Daraja jipya lilijengwa, zuri, imara, gari dogo linapita. Sisi hatulitumii.

Basi, mwanangu, nasaha zangu ni hizi, na nakuandikia waziwazi ili usije ukasema baba mdogo alizungumza kwa mafumbo. Ramani ninayokutumia ni ya mwezi uliopita. Watu utakaowakuta njiani wana habari za asubuhi hiyo. Ukimwona mzee, shuka. Usiishie kumpungia mkono wala kupunguza mwendo, shuka mguu uguse chini, na umngoje amalize marahaba yake, kwa maana mara nyingi neno lenyewe linakuja baada ya marahaba. Mwulize maji yakoje. Mwulize kama kuna msiba mbele, na ukiambiwa upo, wageni wako wote wasukume kimya mpaka wapite. Watakaokuwa na haraka waambie njia hii ina desturi yake. Masikio yako yaache wazi.

Na jambo la pili, hili ni la kwako na mimi tu, kwa sababu nakuona unavyochana karatasi kama nilivyokuwa nikichana. Utakosea. Wiki ijayo hiyohiyo utakosea kitu. Kosa lisemee palepale, kabla hujatafuta wa kumtwika, kisha uliza njia nyingine. Miezi tisa nilitaka safari isiyo na doa. Iliyofaulu ni ile iliyokuwa na tope mpaka kwenye kifundo.

Nenda salama. Mungu akupe magoti mepesi ya kushuka na mapaja mazito ya kupanda tena. Akujalie wenyeji wanaotoka nje wanaposikia kengele yako, na vinywa vinavyokuambia ukweli kuhusu maji. Wageni wako wote uliowatoa mjini uwafikishe wote, wakiwa wamelowa, wamechoka na wanacheka. Na siku ukiwa na wa kwako wa kumwita mwanangu, uwe na kosa zuri la kumsimulia.